Ile "Hakuna" Njo Mimi Niliiandika

Wamama na wapapa, na ninyi wadada mulioacha maharagi shambani ili kukaa na sisi asubuhi hii, nawashukuru kwanza kwa kunipa nafasi. Mumezoea kuniona pale nyuma, ku benchi ya mwisho ya hii kanisa. Leo nimeombwa nipite mbele na nimekubali. Sitataja jina ya muntu yeyote. Mwenye atajitambua mu maneno yangu, anisamehe. Na mwenye hatanisamehe, yeye pia iko na haki.

Mimi ni mutoto wa Kingi, hapa karibu. Papa alinisomesha kwa maharagi. Nilienda Goma, nikasoma enformatike, elimu ya kompyuta, miaka mitatu, nikarudia na ordinatere yangu, kompyuta ya kubeba, mu mufuko. Nikapata kazi hapa Masisi ku shirika moja ndogo yenye ilikuwa inatafutia watoto wazazi wao. Munajua namna vita inafanyaka. Risasi inalia, kila muntu anakimbia njia yake, mama anajikuta Walikale na mutoto anajikuta Mushaki, mu nyumba ya watu wasiojuana naye. Kazi yetu ilikuwa kuandika wale watoto mu makaye, yale madaftari: jina, miaka, kijiji, jina ya mama, alama ya mwili. Muzazi akikuja, tunafungua makaye, tunatafuta.

Mwenye alikuwa anashika makaye ni sekretere wetu, mama mumoja mutulivu, mwandiko yake muzuri kama ya kelasi. Wazazi walikuwa wanapanga mustari tangu asubuhi, na yeye anapita ukurasa kwa ukurasa na kidole. Muntu anaweza kungoja mpaka saa kenda, arudie nyumbani bila jibu. Nikasema moyoni: hapana, hii kazi nitaifanyia programu.

Ndugu zangu, niache niwaeleze kidogo namna programu inazaliwa, juu bila hiyo hamutaelewa kosa yangu. Unakaa, unaandika maneno. Ni maandishi kabisa, mwenye alisoma anaweza kuyafuata: chukua jina hii, ipime na majina yote ya lisiti, ile orodha yetu, ikifanana na moja leta mutoto, isipofanana andika "Hakuna". Lakini mashini yenyewe haisikie maneno ile. Kuna programu ingine, tunaiitaka kompilatere, inasoma maandishi yako yote na kuigeuza fishiye moja, faili ya namba tupu, yenye muntu hawezi kusoma lakini mashini inaielewa. Ile fishiye unaweza kuichukua peke yake, uiweke mu mashini ingine, hata mbali. Ukiifungua, mashini inaibeba mu kichwa yake na kufuata amri moja moja, ya kwanza mpaka ya mwisho. Haiulize. Haishangae. Na maandishi yako haiyahitaji tena. Ni sawa na bugali: ikisha kuiva, wenye wanakula hawatafute unga. Lakini ukikuta muchanga ndani, hautairudisha kuwa unga ili uichunge upya.

Nilifanya juma sita. Siku ya kujaribu, niliingiza majina kumi, nikayatafuta moja moja, yote ikatoka mara moja. Munisikie vizuri: yale majina kumi niliyaandika mimi mwenyewe, na mimi mwenyewe njo niliyatafuta. Hapo hakukuwa jaribio. Nilikuwa najijibu mwenyewe.

Mama sekretere alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniambia polepole: "Dada, jina ya muntu haina mulango moja. Wa huku anaitamka hivi, wa Walikale anaitamka vile, na mimi naandika vile nasikia." Nikamujibu kwamba mashini iko na akili kuliko kaye. Hakubishana na mimi. Alifunga kalamu yake, akaenda kukaa.

Mukubwa wetu wa kazi alifurahi sana. Makaye ikafungwa mu sanduku. Ile fishiye ya programu nikaiweka mu kle, ile kakitu kadogo ka kubebea kazi ya mashini, ikapelekwa ku ofisi zetu, biro ya Mushaki na ya Walikale. Kila mwezi pikipiki ilikuwa inaleta majina mapya mu kle. Watu wakaanza kuniita Madame Enformatike. Niliipenda ile jina, siwadanganye.

Kisha vita ikaingia Masisi sentre. Nilikimbilia upande wa Walikale, na ku bariyere moja ya kufunga njia watu wa silaha wakanipokonya mufuko. Ordinatere yangu ilikuwa mule, na maandishi yote ya programu ilikuwa mu ile ordinatere. Sikuwa nimeyaweka fasi ingine. Nililia juu ya mashini. Juu ya maandishi sikulia hata kidogo. Nilisema, programu iko inatembea Walikale, iko inatembea Mushaki, maandishi ni ya kazi gani tena?

Walikale nikaendelea na kazi. Njo kule mama mumoja alinikuta. Alikuwa anatoka Omate, kule anapikia wachimbaji. Siku ya kukimbia alikuwa amebeba mudogo mugongoni na kushika mukubwa kwa mukono, binti wa miaka sita. Watu wakasukumana ku daraja, mukono ukaachana. Jina ya ule mutoto sitasema. Tuseme tu aliitwa Riziki.

Nikaandika Riziki. Mashini ikajibu: Hakuna.

Nikamuambia arudie mwezi unaokuja. Alirudia. Hakuna. Alirudia mara ya tatu, mvua imemunyeshea njia yote, akakaa ku kiti na kuniomba niangalie tena, labda macho yangu imechoka. Nikamujibu: "Mama, macho yangu inaweza kuchoka, lakini mashini haidanganye."

 Kisha akaniuliza: "Basi nifanye kilio?"

Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilikuwa na majibu mengi mu kinywa. Ningesema sijui. Ningesema ngoja. Watu wengine walikuwa inje wanangoja, na mimi nilikuwa Madame Enformatike. Nilisema: "Mama, kama angekuwa hai, angekuwa mu lisiti."

Akarudia Omate. Akanyoa nywele. Watu wa jamaa wakakuja wakakaa naye chini, wakalia ule mutoto, wakaombea roho yake.

Miezi ikapita. Batiri ya biro yetu ikakufa, tukakaa bila mashini. Wakati huo watu wa Mushaki, juu wao pia hawakuwa na umeme, walituletea ku pikipiki kaye yao yenyewe, yenye walikuwa wanaandikia majina kwanza. Nilikuwa nafungua ile kaye kutafuta mutoto mwingine kabisa, na kidole, ukurasa kwa ukurasa. Nikaona jina: Liziki. Miaka sita. Jina ya mama, ile ile. Kijiji, kile kile. Alama ya moto ku mukono wa kushoto. Mutoto alikuwa Mushaki, ku famiye moja ya wakulima, na ameandikwa kabla mama yake afike kwangu mara ya kwanza.

Batiri mupya ilipofika, nikafungua programu. Nikaandika kwa L: akatoka, na kila kitu chake. Nikaandika kwa R: Hakuna. Mutoto alikuwa mule siku zote tatu. Mimi njo niliambia mashini ipime herufi kwa herufi, na kwa mashini R na L ni watu wawili wasiojuana.

Sasa mutafikiri kwamba nilikimbia siku ile ile kumuambia mama. Hapana. Njo hapa kosa yangu inaanza kuwa zambi. Nilitaka nitengeneze programu kwanza, ili nikisema, niseme nimeshaitengeneza. Lakini maandishi ilikuwa imebakia ku bariyere. Nilifungua ile fishiye kwa nguvu, nikaona alama tu, mustari ku mustari, bila neno hata moja ya kusoma. Na mimi njo mama ya ile programu! Nilikaa mbele yake kama muntu asiyesoma. Kila siku nikajaribu, kila siku nikajiambia kesho nitasema. Siku kumi na moja nilinyamaza. Wazazi walikuwa wanakuja, nawaandikia majina, mashini inajibu, na mimi nawasomea jibu.

Siku ya kumi na mbili nikamuambia mukubwa wangu. Hakunitukana. Alituma pikipiki Omate saa ile ile. Yule mama alisafiri siku nyingi, fasi ingine kwa miguu, mpaka Mushaki. Akakuta mulango umefungwa. Jirani akamuambia ile famiye ilikimbia juma iliyopita, risasi ilikuwa imefika ku barabara, na mutoto walienda naye.

Mulisikia? Juma iliyopita.

Ilichukua miezi mine kumupata, mu kambi moja karibu na Goma. Mimi sikuwako, niliambiwa. Mama alipofika, mutoto alishika kitambaa ya mama wa ile famiye, akakataa kuachilia. Aliuliza kama huyu njo mwenye alimuachilia mukono ku daraja. Leo wanaishi pamoja, Mungu asifiwe. Lakini siku zingine anamuita Mama, na siku zingine hamuite kitu.

Niliacha kazi. Nilirudia Kingi kwa mama yangu muzazi, nikalala. Mama anaenda shambani, ananiacha nimelala, anarudia, ananikuta vile. Kisha nikaanza kunywa kasiksi, ile pombe ya huku, tangu asubuhi. Wengine wenu mulinikuta njiani nimechafuka, mukapita kando, siwalaumu.  Na kilichonimaliza kabisa ni hesabu moja yenye sikuweza kuifanya: wazazi wangapi wengine niliwajibu hakuna? Wangapi walinyoa?

Siku moja, kabla ya saa sita, mama sekretere akafika kwetu. Alikuja kwa miguu, na gunia ku kichwa. Nilifikiri amekuja kuniambia pole, nikaanza kulia. Alitua gunia ku meza, akatoa makaye ya Masisi, yote, toka ya kwanza. Wakati wa kukimbia watu walibeba magodoro, yeye alibeba yale.

Akaniambia: "Sikukuja juu ya machozi yako. Wale uliowajibu hakuna, majina yao iko mu kichwa yako. Anza kunitajia."

Nikasema siwezi. Akafungua kaye, akashika kalamu, akangoja. Alingoja sana. Mama yangu akaleta maji ya kunywa, akaondoka. Nikataja jina ya kwanza. Yeye akaisema kwa sauti, namna moja, namna ya pili, namna ya tatu, kama muntu anaonja chumvi ya chakula, na huku kidole yake inatembea mu kaye. Tulifanya vile juma mbili nzima. Sikunywa, juu alikuwa ananifikia kabla sijaamuka vizuri. Tukapata watoto wane. Wane wenye wazazi wao walishajibiwa hakuna. Wawili kati yao wazazi waliwapata. Mumoja, papa yake alikuwa ameshakufa, mu ule wakati alikuwa anaamini mutoto alimutangulia. Wa ine mpaka leo tunatafuta wazazi wake.

Ndugu zangu, hapo njo nilianza kuamuka. Sikusikia furaha. Nilisikia tu kwamba kuna kazi, na hakuna mwingine wa kuifanya. Parokia ikatuachia mashini yao kila mwisho wa juma. Nikaandika programu tena, toka neno ya kwanza, na mama sekretere amekaa pembeni. Hii mupya, ukiipa Riziki, inakuletea na Liziki, na wote wenye kufanana naye, na inaacha muntu aangalie mwenyewe kijiji na jina ya mama. Na kwa kuijaribu sikuandika majina mimi. Nilimuomba yeye atafute namna ya kuishinda. Aliishinda siku tatu mufululizo, nikarudi ku maandishi, nikarekebisha, nikapitisha tena ku kompilatere, tukaanza upya. Hata ile neno nimeitoa. Haiandike tena "Hakuna". Inaandika "Bado sijamupata". Na maandishi iko fasi tatu, moja ni karatasi, mu kabati ya parokia.

Kisha nikaenda Omate. Nilijua siwezi kukaa mu kanisa kama sijaenda kule. Yule mama nilimukuta anachagua mboga mbele ya nyumba, nywele zake zimesharudi. Binti alikuwa karibu, ametupa mugongo. Nilipiga magoti, nikasema yote, na ile siku kumi na moja pia, juu hakuna mwenye alikuwa amemuambia.

Alimaliza kuchagua mboga. Akasema: "Ku mashini ulikosea, na mimi pia nilikosea ku daraja, mukono uliponiachia. Ile sikulaumu. Nakulaumu zile siku kumi na moja."

Alinipa kiti. Mukono hakunipa. Nilikaa kitambo, nikaondoka.

Basi nishukuru. Namushukuru mama sekretere, mwenye hakunionea huruma ya bure. Namushukuru mama yangu muzazi, mwenye alinilisha miezi ile yote bila kuniuliza. Nashukuru parokia kwa mashini, na ninyi wa hii kikundi, mulionipokea kila juma na harufu ya pombe ilikuwa haijaniacha. Kama niko na funzo ya kutoa, ni hii moja. Kila mufanyakazi anakosea, fundi wa mbao, muganga, mwalimu, na mwenye kuandika programu. Siku unajua umekosea, sema siku ile. Usingoje mpaka utengeneze. Wakati unatengeneza, watu wanahama.

Na kabla nikae, kitu moja. Kati yetu hapa najua kuna wenye walinikuta Masisi ao Walikale, wakarudia na jibu yangu. Sikuwakumbuka wote. Tukitoka, nitakaa pale mulangoni, sina haraka. Ukuje uniambie jina ya mutoto wako tena. Uitamke vile munamuitaka nyumbani.