Fundi Miwani na Ndege wa Tawi Kavu

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia naomba niwasimulie maisha ya baba yetu, ambaye mlizoea kumwita Fundi Miwani, na ambaye wengi wenu mmevaa kazi ya mikono yake hapo mlipoketi.

Baba alizaliwa tarehe 9 Juni 1948, katika nyumba hii inayopakana na msitu wa mvua, akiwa mtoto wa tatu wa mshona viatu, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya mto, mwaka 1966 akaenda kujifunza kusaga vioo vya miwani, na mwaka 1970 akafungua karakana kwenye chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama msituni.

Karakana haikuwa na ubao wa herufi wa kupimia macho. Mteja alielekezwa kutazama tawi kavu nje ya dirisha, ambapo hukaa ndege mdogo wa kijivu, ametulia kama mtoto anayengoja kengele, mara huchomoka, humdaka mdudu hewani, mdomo ukalia tak, kisha hurudi palepale, akampigapiga mdudu kwenye tawi mpaka mabawa yadondoke, ndipo akamla. Aliyeona ndege tu alibadilishiwa vioo, aliyeona mabawa ya mdudu aliambiwa, haya, nenda nyumbani.

Mwaka 1973 alikuja binti mmoja mwenye haraka zake, akasema anamwona ndege vizuri sana, kumbe ndege alikwisha kuruka zamani, Baba akacheka mpaka akaweka koleo chini, na tarehe 14 Desemba 1974 wakafunga ndoa. Binti huyo ndiye Mama, huyu hapa mbele, nao wakajaliwa watoto wanne, mimi mwalimu wa darasa la kwanza nikiwa kifungua mimba.

Mwaka jana moyo ulimsumbua Baba, macho nayo yakaingia giza, tukamhamishia kitanda karakanani, akawa anamsikiliza ndege wake, hadi mwezi uliopita upepo ulipolivunja lile tawi, kukawa kimya, naye akaanza kukataa chakula. Mama, bila kumwambia mtu, na kwa umri wake huo, akapanda juu ya stuli, akafunga ufito mkavu kwenye nguzo ya dirisha, nasi tulipouona tukabaki kumngoja ndege.

Asubuhi ya tarehe 3 mwezi huu Mama alimwambia, "Mzee, amerudi." Baba akajibu, "Wewe nakujua, unaona ndege hata asipokuwepo." Mara nje pakalia tak, ikafuata ile pigapiga kwenye ufito, Baba akatabasamu, akaomba chai, akaimaliza, na alasiri akalala usingizi ambao hakuamka.

Tunamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, mafundi wenzake, na vijana wa turubai, mliokubali kusogeza kamba ili ufito usiguswe, na ndiyo maana baadhi yenu mmekaa juani, mtuwie radhi.

Pumzika, Baba. Safari hii Mama hakukudanganya.