Alichukua Cherehani Zangu kwa Jina la Dini

Assalaam alaykum, akina mama wenzangu. Na nyinyi majirani zetu wa kanisani mliokuja kutusikiliza, karibuni sana. Wazee, shikamooni.

Mimi ni fundi nguo. Nilitoka Tabora kumfuata mume wangu aliyekuja hapa Nyamongo kuchimba dhahabu. Alipofariki aliniachia watoto wawili, na cherehani zangu mbili ndizo zikawa zinatulisha.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja, Mwislamu mwenzangu, jina lake silitaji, alinipa kazi ya kushona sare za shule. Kitambaa alete yeye. Kwenye mkataba akaweka sharti: nikichelewa hata siku moja, anachukua cherehani. Nikasaini. Nilikuwa na shida ya kazi, ndugu zangu, nisiwafiche.

Kitambaa kikakawia wiki mbili. Nikipiga simu, "Kinakuja dada, vumilia." Kilipofika nilishona mpaka vidole vikavimba, na bado nikachelewa siku nne. Sare akazipokea, akaziuza zote kabla shule hazijafunguliwa. Halafu akaja na guta la mizigo.

"Sisi Waislamu tunatimiza mikataba," akaniambia, vijana wake wanapakia cherehani zangu. "Au wewe mwenzetu dini yako ipi?"

Jamani! Angeniita mvivu ningemeza. Unawanyang'anya yatima chakula chao, halafu unanichapa kwa dini yangu mwenyewe? Nikaanza kufulia watu nguo. Msikitini nikaacha kwenda, maana niliona kama Mungu naye yuko upande wa yule tajiri.

Aliyeniamsha ni baba mmoja Mkurya wa Genkuru, Mkristo, mwendesha bodaboda.

"Mama, majora yale ya kitambaa cha sare niliyaleta kwako mimi," akasema. "Ilikuwa siku ya mnada, siwezi kusahau. Twende kwa shehe wenu, nitasema mbele yake yalifika lini."

Shehe alisoma mkataba, akamwita tajiri, akamsikiliza yule baba mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sharti la fidia kwenye kazi, dini inaliruhusu. Lakini ni la kufidia hasara, si la kumfilisi mtu. Na huyu umemchelewesha wewe mwenyewe. Haya, hasara yako ni ipi?"

"Shehe, mkataba ni mkataba."

"Nimekuuliza hasara."

Tajiri akautazama tena mkataba.

"Rudisha mali ya watu," shehe akamwambia.

Cherehani zilirudi siku ileile, moja kanyagio limevunjika. Pole sijapewa mpaka leo, na hasira ninayo, sitawadanganya.

Namshukuru yule baba aliyeacha abiria wake akaingia msikitini kunitetea. Namshukuru shehe, na nyinyi mlionilipia fundi wa kanyagio. Ninachowaomba ni hiki: mkataba ukitaja adhabu yako ukichelewa, dai utaje na ya mwenye kazi akichelewa yeye. Na mtu akikutajia Mungu ili unyamaze, usinyamaze. Nenda kaulize.