Mita Tatu za Bomba la Moshi

Milioni tatu taslimu mwenye kiwanda cha vyuma aliziweka juu ya meza ya kupigia pasi, akasema, "Chukua, mama, tuyamalize kijirani," na marehemu akamjibu huku mkono ukiendelea na kazi, "Ziondoe, zinakunja shuka la mtu." Ugomvi huo tutaufikia, kwanza twende kwa utaratibu.

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma hadi darasa la nne, ada ilipokosekana akatoka, na kusoma hasa alijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia nguo za wateja. Mwaka 1970 aliajiriwa kufua hotelini, tarehe 12 Juni 1974 akafunga ndoa na fundi redio, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1982 akafungua udobi wake nyuma ya nyumba, mabeseni sita, kamba nane.

Kiwanda kilijengwa ubavuni kwake mwaka 2011, nyundo zikawa hazinyamazi, masizi yakatua kwenye nguo mbichi, wateja wakaanza kuhama. Alifungua kesi tarehe 6 Februari 2013, na hakimu alipotaka ushahidi, marehemu akatoa mashuka kumi meupe pe, yamenyooka, kwa sababu jana yake alishindwa kabisa kupeleka uchafu mbele za watu, akayafua. Kesi ikatupwa, hakimu mwenyewe akicheka, na shemeji akasema, "Mke wangu, umefua mpaka kesi." Marehemu alinuna siku mbili, ya tatu akacheka naye.

Mwaka 2014 alirudi mahakamani na vitambaa 212, kila kimoja kilianikwa siku moja na kushonwa tarehe kwa uzi mwekundu, vyote vikiwa vimefungiwa kwenye sanduku la vifaa la shemeji, ambalo ufunguo wake marehemu alikatazwa kuugusa asije akavifua, pamoja na kanda za kelele ambazo zilipochezwa karani aliziba masikio. Ndipo zilipoletwa zile milioni tatu, zikarudi na mwenyewe.

Hukumu ilitoka tarehe 9 Agosti 2017: nyundo zinyamaze saa kumi na mbili jioni, bomba la moshi lipandishwe mita tisa. Nyundo zilinyamaza, na tangu hapo kila jioni marehemu alitoa kiti uani, akafungulia redio kwa sauti ya chini, akasema amelipwa.

Aliugua moyo tangu Novemba 2022, akafariki tarehe 3 Mei 2023 saa nne asubuhi, nguo za wateja wote zikiwa zimekwisha kunyooshwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotoa ushahidi, madobi wenzake, na mwenye kiwanda, ambaye ametupa turubai hili na amekaa safu ya tatu.

Pumzika, dada, nguo zako tumezianua.

Bomba limepanda mita sita. Zimebaki tatu. Tunazitaka.