Dada Mkubwa, Fundi wa Mashuka, na Wivu Wake

Wapendwa waombolezaji, historia hii inasomwa na mdogo wa kiume wa marehemu, mpishi wa meli, yuleyule ambaye asubuhi hii, alipokuwa akijaribu kipaza sauti, alitangaza kwa mazoea ya baharini kwamba chakula kiko tayari, baadhi yenu mkapanga foleni, naye anawaomba radhi nyote, hasa shemeji yake mfiwa, aliyekuwa wa kwanza kufika na sahani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, wa kwanza kati ya watatu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1980, akajifunza ushonaji, na mwaka 1985 akaajiriwa katika chumba cha kushonea mashuka cha hospitali kuu, chenye mashine nne na dirisha moja, akakaa humo mpaka kustaafu, huku mdogo wake akizunguka dunia nzima na kurudi na kitambi. Mwaka 1989 aliolewa na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, wakajaliwa mabinti wawili, na kabla yao mtoto wa kiume, aliyezaliwa bila kinga ya mwili, kwa ugonjwa wa kurithi ambao mama huubeba asiugue, ukamwangukia mwanawe, naye alifariki tarehe 2 Februari 1992, akiwa na miezi minane, kwa kikohozi ambacho mtoto mwingine angekimaliza kwa usingizi.

Mwaka 2012 mdogo wake wa kike naye alijifungua mtoto wa kiume mwenye ugonjwa uleule, lakini tiba ilikuwa imepatikana, madaktari wakachota chembe za uboho wa mtoto mwenyewe, wakazitia jeni nzima iliyokosekana, wakamrudishia kwa mshipa, akawekwa nyuma ya kioo kungoja kinga iote. Marehemu alimpigia pasi kila shuka kwa mkono wake, akaliacha mlangoni, wala hakutazama kioo hata mara moja. Mtoto alipoongezeka uzito, yeye aliumwa kichwa. Msomaji huyu alimpigia simu kutoka bandari ya mbali, akamhubiria habari za shukrani, akakatiwa simu. Mtoto akapona, akaanza shule, na kila mwaka alishonewa sare na marehemu, mama yake mkubwa, aliyezituma kwa mkono wa watu.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2023, akafariki tarehe 6 Aprili 2025. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kumkataza mpishi asikaribie jiko, na wenzake wa chumba cha kushonea, waliozima mashine zote leo. Dada, umechoka vya kutosha, lala kwa amani.

Mdogo wake wa kike aliomba habari za wivu zifutwe, lakini zimeachwa kwa ajili ya wiki ile ya mwisho, kijana yule aliyepona alipoingia wodini bila kuitwa, akasimama miguuni pa kitanda, akauliza, “Mama mkubwa, bado unanionea wivu?”

Marehemu alimtazama, tangu nywele hadi viatu, akatazama tena.

“Bado. Vuta kiti.”