Asumpta Kalekye Mutia na Jina la Kavinya (1971–2025)

“Kwani shangazi, jina moja tu likikosewa kuna nini?” Valary, binti ya kaka yake, alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo, Desemba 2019. Asumpta, aliyekuwa likizoni kutoka Riyadh, alikuwa ameketi sakafuni na rundo la vitabu alivyoandika mwenyewe, akikata neno lile lile kwa kalamu katika kila kimoja. “Wewe nipangie hivi vilivyokauka wino,” akasema, na swali likaishia hapo.

Asumpta alizaliwa tarehe 3 Machi 1971 hapa Kyuso. Alimaliza Kidato cha Nne mwaka 1989, akaanza kuimba arusini nyimbo za zamani za nchi yetu kame: za njaa, za mifugo, za visima vya mchanga. Tarehe 9 Aprili 1994 aliolewa na Nahashon Mutia, fundi seremala, wakajaliwa Frankline na Roselyne. Nahashon alifariki mwaka 2009.

Mwaka 2011 alikwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani mtaa wa Al-Naseem. Ijumaa zake alizitumia kuandika nyimbo. Alikuwa na sharti moja: wimbo hauchapishwi kabla hajamwimbia mwenyewe aliyempa, naye akaukubali. Sharti hilo alilivunja mara moja tu. Mama Syokau, aliyempa wimbo wa kisima cha ukame wa 1961, hasikii vizuri kwenye simu, kwa hivyo Asumpta akamwimbia Lewis, mwana wa mama huyo. Wimbo ulimsifu Munyasya, mjomba wa Lewis, kuwa ndiye aliyechimba. “Iko sawa kabisa, dada,” Lewis akasema.

Kitabu kilitoka mwaka 2018, nakala mia tatu, nyingi zikanunuliwa na Wakenya wa Riyadh na Jeddah. Likizoni Asumpta alimsomea Mama Syokau. Mama akacheka hadi akakohoa. “Munyasya? Munyasya alikuja na kibuyu maji yashatoka! Aliyechimba ni dada yetu, Kavinya.”

Tangu siku hiyo alizifuata nakala, moja baada ya nyingine. Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, alimkatia tiketi ya kurudi nyumbani. Ikama, kibali chake cha kuishi Saudia, ilikuwa imebakiza wiki tatu, na nakala kumi na moja zilikuwa Jeddah. Aliomba ruhusa ya kwenda huko kwanza, akapewa. Ruqayya, muuguzi wa kutoka Mombasa, alimkaribisha kwake mtaa wa Balad, wakazunguka nyumba kwa nyumba.

“Dada, miguu yako imevimba. Halas, tupumzike.”

“Yalla, bado tatu. Utanipumzisha Kyuso.”

Walipata kumi. Asumpta alifariki hospitalini Jeddah tarehe 14 Februari 2025. Nakala ya mwisho haijapatikana. Aliye nayo anaombwa afungue ukurasa wa 46, akate Munyasya, aandike Kavinya.

Ameacha watoto wake Frankline na Roselyne, kaka yake Elkanah, na Valary, ambaye sasa yuko sekondari. Mungu ampe pumziko la amani katika udongo huu aliouimba.

Siku nne kabla ya kufariki alimtumia Valary ujumbe wa sauti: “Lile swali lako la vitabu. Kavinya alikuwa na miaka kumi na tano, kama wewe. Alichimba peke yake siku tatu. Nyanya yako, mamangu mimi, alikuwa kwenye ile foleni ya maji, mtoto wa miaka sita, hawezi hata kusimama. Alikunywa. Ndiyo maana mimi nipo, na wewe upo. Halafu mimi nikaandika Munyasya.”