Ombi la Siku Tisa Bila Lifti

Mgeni rasmi, Bi. Hadewych Terpstra, mkuu wa majengo. Wakuu wa idara. Na nyie mliofuata harufu ya keki, hamjambo?

KARIBU
Umeteremka ngazi zote kwa miguu mpaka huku chini, pole sana. Umekuja kutuzindulia lifti mpya, na wenzetu wa ghorofa za juu hapa chuoni Delft, Uholanzi, wana furaha kubwa.

KAZI YETU
Ndani ya pipa la baridi kali mno tumenasa elektroni mbili kwenye kipande cha silikoni. Kila moja ni kisumaku kinachoelekea juu au chini. Tunazifunza kuwa lango la mantiki, yaani tofali la kwanza la kompyuta ya kwanta: ya kwanza ikielekea juu, ya pili igeuke, ikielekea chini, ya pili itulie. Na ya kwanza ikiwa juu na chini kwa pamoja, zishikamane kama pacha.

MAFANIKIO
Februari, Tjitske Wiarda, mwanafunzi wetu wa udaktari, alizifanya zitii mara tisini na tisa kwa mia. Tulipiga vigelegele mpaka ghorofa ya pili wakaja kuuliza nani kaolewa.

CHANGAMOTO
Wiki tatu zilizopita elektroni zikaanza ukaidi.

"Tjitske, umezilisha nini?" akamtania Sjoerd, fundi wa baridi.

"Zimekuiga wewe. Zikisikia kahawa tu, zinageuka!"

Kwetu aliyekosea ndiye anayenunua keki. Tjitske alinunua mara tatu, akidhani programu yake ina kasoro. Keki ya nne alipokuwa anaikata, mama Annemieke, anayetusafishia, akatua ndoo.

"Nyie wasomi, mna masikio kweli? Mafundi wakiijaribu lifti, namba zenu za kwenye skrini zinaanguka. Ikisimama, zinapona!"

Tukapima. Kweli tupu. Chuma cha lifti kikipita nyuma ya ukuta wetu kinayumbisha usumaku wa chumba, visumaku vyetu vinapotea. Tulimwomba Tjitske radhi, naye akalia kidogo.

MAOMBI
Mkataba wa Tjitske unaisha tarehe thelathini, na vipimo vyake vya mwisho vinataka siku tisa mfululizo bila lifti kusogea. Lifti hatuipingi. Profesa Boudewijn wa ghorofa ya tano anaihitaji kwa magongo yake, kwa hiyo tulimwendea kwanza. Alicheka: "Siku tisa? Nitafundisha kwa simu nikiwa nyumbani, nimevaa soksi!"

Mgeni rasmi, utepe kata, picha piga, hotuba toa. Kitufe cha kijani cha kuwasha lifti hapo mbele yako, tunakuomba usikibonyeze leo, mpaka siku tisa zipite.

Ujaliwe afya na moyo wa kutusikia.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Baridi.