Alinikanda Bila Mtoto

Bwana asifiwe, wapendwa! Wanaonijua kule Majengo wanajua mdomo wangu haupoi. Leo nitafupisha, ila nikilia mnivumilie.

Ndugu zangu, mwaka jana nilijifungua mtoto wa kiume, akafariki kabla sijamnyonyesha. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Sikulia. Usingizi ukakata, chakula hakipiti, na mimi mpiga soga nikawa siongei hata na mume wangu. Akinigusa bega nashtuka. Aliogopa akili yangu inaondoka. Na mimi niliogopa hivyo hivyo!

Mnajua kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, wanawake wanacheka, uji unanywewa. Mimi sina mtoto, nani anikande? Majirani walitoa pole mlangoni wakaondoka. Siwalaumu, walidhani kunikanda ni kunitonesha.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Mwese kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Akabandika maji, akaniita, "Mwanangu, njoo nikukande."

Nikafungua mdomo: "Ya nini, mama? Mtoto hayupo."

"Wewe upo. Umezaa."

Ndugu zangu, yule mama ana mikono ya jembe, nikajua leo naungua! Lakini maji yalikuwa vuguvugu. Akanipitisha kitambaa mgongoni taratibu, kisha kiganja, bila haraka. Nikalia! Nikalia mpaka kuku wakakimbia. Hakuninyamazisha, mkono wake uliendelea tu. Nilipotulia nikalala, mchana kweupe, mpaka uji ukapoa.

Akarudia kila asubuhi, hadi siku moja mume wangu akanishika bega na sikushtuka. Yeye ndiye aliyelia siku hiyo.

Kliniki nesi akanieleza kwamba ngozi hupeleka habari kwenye ubongo. Ukishikwa taratibu na mtu anayekupenda, ubongo hupunguza hofu, mapigo ya moyo yanashuka. Nikamwambia, kumbe Mungu aliweka dawa kwenye viganja vya watu! Utukufu kwake!

Mama, simama wakuone. Asante, mama yangu.

Sasa dada uliyerudi nyumbani bila mtoto, mtumaini Mungu, na ukubali kushikwa. Sogea hapa mbele. Hatutakuhubiria wala kukuuliza kitu. Na wewe uliyeinama kule benchi la mwisho, usihangaike kusimama. Kaa hapo hapo, nakuja mimi.